Kopo la sarafu za zamani: namna ya kuzitunza na kuzisoma

Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina kopo la namna hii juu ya kabati. Ndani yake mna senti zenye tundu katikati, shilingi za simba za enzi ya mkoloni, senti tano ya Nyerere, na pengine kipande kimoja kizito cha fedha ambacho hakuna anayejua kilikotoka. Aliyekabidhiwa kopo hilo ameshaanza kukusanya sarafu kabla hajanunua hata moja, na mwongozo huu ni wake. Unahusu sarafu za kwetu kwa sababu ndizo rahisi kupata, na ndizo zinazokaa kwenye hewa yetu yenye joto, unyevu na, kwa watu wa pwani, chumvi.

Kwanza, weka ndimu chini

Sarafu nyingi huharibiwa na kung'arishwa kuliko na kutu. Mtu akiona senti kumi imekuwa nyeusi huichukulia kama sufuria: ndimu na jivu, dawa ya meno, Brasso, au kuilaza usiku kucha kwenye soda. Asubuhi inawaka. Lakini asidi imekula tabaka la juu la shaba, na jivu limeacha mikwaruzo ambayo wewe huioni, ila mnunuzi anayejua kazi yake huiona mara tu anapoiinamisha sarafu kwenye mwanga. Shaba iliyosuguliwa hubaki na rangi ya waridi, kama ngozi iliyobanduliwa gamba la kidonda, na baada ya wiki chache za hewa ya Tanga au Mombasa inaota madoa vipande vipande. Ule ukahawia au weusi uliokuwa umeenea sawasawa ndio ulikuwa ngozi ya sarafu. Umejengeka kwa miaka sabini, na ndio uliokuwa ukiilinda. Ukishautoa, haurudi.

Kushika nako kuna adabu yake. Shika ukingo kwa kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne ili hata ikiponyoka isigonge sakafu. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa, maana jasho lina chumvi na mafuta, na alama ya kidole juu ya shaba inayong'aa hujitokeza baada ya siku kadhaa na haitoki tena. Usizungumze ukiwa umeinamia sarafu, kwa kuwa tone la mate huacha doa. Glavu za pamba si lazima. Zinateleza, na sarafu iliyoanguka kwenye marumaru hupata jeraha ukingoni baya kuliko alama ya kidole.

Uchafu unaoruhusiwa kutoka

Vipo vitu viwili tu ambavyo anayeanza anaweza kuvitumia bila kujuta.

Cha kwanza ni maji yaliyotoneshwa, yaani maji safi yasiyo na chumvi wala madini. Nunua duka la dawa. Vituo vya mafuta pia huuza maji ya betri, lakini soma lebo mara mbili, maana chupa ya asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Weka sarafu moja kwenye bakuli la kioo na uifunike kwa maji. Yabadilishe baada ya saa kumi na mbili, kisha iache tena saa kumi na mbili. Udongo na chumvi vitalegea vyenyewe. Itoe, iweke juu ya kitambaa cha pamba, uguseguse bila kusugua, halafu iache mbele ya feni mpaka ikauke hata ndani ya tundu. Sarafu mbili zikikaa bakuli moja zitagongana, na za metali tofauti huweza kuambukizana rangi.

Cha pili ni asetoni halisi. Hii huondoa mafuta, gundi ya karatasi ya selotepu na ule ute wa plastiki mbaya ambao tutaufikia sasa hivi. Haiondoi kutu wala haibadilishi weusi wa fedha, na hilo ndilo tunalotaka. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai ingawa ina harufu hiyohiyo, kwa sababu imeongezwa mafuta, manukato na rangi vinavyobaki juu ya sarafu. Mimina asetoni kwenye gilasi ya kioo, nje ya nyumba, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wake hushika moto haraka. Dakika kumi zinatosha. Itoe kwa kibanio chenye ncha ya mpira au plastiki ngumu, ichovye sekunde chache kwenye asetoni mpya ili uchafu ulioyeyuka usikaukie juu yake, kisha iache ikauke yenyewe. Sarafu za shaba usiziache humo kwa masaa, hasa juani, kwani rangi yake inaweza kugeuka.

Zaidi ya hapo, mikono nyuma.

Plastiki inayokula sarafu

Vifuko laini vinavyonyumbulika, vinavyouzwa kwa ajili ya picha, vitambulisho na hata sarafu zenyewe, mara nyingi ni PVC, aina ya plastiki yenye klorini. Ulaini wake unatokana na mafuta yaliyochanganywa ndani, na kwenye joto plastiki hiyo hutoa mafuta na asidi. Mwaka mmoja au miwili baadaye sarafu ina ute wa kijani unaonata, na chini ya ute huo uso umeshaanza kuliwa. Kwenye chumba cha bati chenye joto la nyuzi 35 haichukui hata muda huo.

Namna ya kuitambua: tazama pembetatu ya mishale chini ya kifungashio. Namba 3 ni PVC, iache dukani. Namba 1, 2, 4 na 5 zinafaa. Kama hakuna namba, inuse. PVC laini ina harufu kali ya mwanasesere mpya. Ukiwa bado na shaka, chukua waya wa shaba, upashe moto mpaka uwe mwekundu, uguse nao kipande cha plastiki, kisha urudishe kwenye mwali. Mwali ukigeuka kijani kibichi, ndani mna klorini. Fanya hivyo nje, usivute moshi wake.

Kifungashio tunachokipendekeza kwa anayeanza ni kadibodi ya mraba wa sentimita 5 yenye dirisha la plastiki nyembamba ngumu. Hukunjwa nusu kwa nusu, sarafu ikawa katikati, kikafungwa kwa pini za stepla. Madirisha huja kwa vipimo: milimita 17.5, 20, 22.5, 25, 27.5, 30, 32.5, 35 na 39.5. Pima sarafu kwa kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo, kisha chagua dirisha linaloizidi kidogo. Hela moja ya Kijerumani ina milimita 20, basi ipe 22.5. Shilingi ya simba ina karibu milimita 28, ipe 30. Ukibana pini nne pembeni, zilaze kwa plaisi zibapike, la sivyo pini ya kadibodi hii itakwaruza sarafu ya kadibodi jirani ndani ya albamu. Na siku ya kuitoa sarafu, ng'oa pini zote kwanza. Mtu mvivu huvuta kadibodi ikachanika, na ncha ya pini ikapita juu ya uso wa Nyerere kutoka shavu mpaka sikio. Huo mkwaruzo ni wa milele.

Bahasha za khaki, magazeti, mipira ya kufungia noti na vitambaa vya sufi vina salfa, inayoifanya fedha kuwa nyeusi. Hata mbao si rafiki. Plaiwudi na baadhi ya mbao ngumu hutoa mvuke wa asidi, kwa hiyo droo nzuri ya fundi seremala isiwe ndiyo inayogusana na sarafu.

Hewa ya pwani na chembe za silika

Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 60 kutu huanza kupata nguvu, na Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa siku za kawaida huwa juu ya hapo. Nairobi, Arusha na Iringa wana nafuu. Dawa ni kisanduku kinachozuia hewa na chembe za silika, zile zinazokuja ndani ya vifuko vidogo kwenye boksi la viatu. Chukua kontena la chakula lenye mpira kwenye kifuniko, namba 5 chini yake, la lita tatu hivi. Weka albamu au kadibodi zako zikiwa zimesimama, pamoja na gramu 50 hadi 100 za silika kwenye kifuko cha kitambaa. Silika ya rangi ya chungwa hugeuka kijani ikishiba maji, kwa hiyo utajua wakati wa kuikausha. Ile ya buluu inayogeuka waridi ina kobalti, ni sumu. Iweke mbali na watoto. Kuikausha, imwage kwenye trei, si pamoja na kifuko, uitie kwenye ovena ya nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa kabla ya kuirudisha.

Kisanduku kikae kwenye kabati la chumba cha kulala, ukuta wa ndani, usawa wa kiuno. Jikoni kuna mvuke na moshi. Sanduku la bati hupoa usiku likatoa jasho kwa ndani. Na vidonge vya kufukuzia nondo visikae kabati moja na sarafu, maana mvuke wake hushika kwenye plastiki.

Kuna kutu moja inayotaka uangalifu wa peke yake. Ni unga wa kijani uliofifia, laini, unaotokea kama vidoto kwenye sarafu za shaba, hasa zilizochimbwa au kukaa karibu na bahari. Huo ni mmenyuko wa klorini ya chumvi na shaba, na unaendelea wenyewe kila unyevu unapopatikana. Ukiukwangua leo, utaukuta tena mwezi ujao. Kijani kizito, kigumu, kinachong'aa ni kitu kingine, hicho kimetulia. Kujua tofauti, weka sarafu kwenye kontena pamoja na pamba yenye unyevu, visigusane, kwa siku moja. Vidoto vipya vikizuka, kutu iko hai. Itenge na wenzake siku hiyohiyo, iloweke kwenye maji yaliyotoneshwa ukiyabadilisha kila siku kwa wiki tatu au nne, ikaushe kabisa, na iishi ndani ya silika tangu hapo. Sarafu yenye thamani kubwa mpelekee mtaalamu wa uhifadhi wa makumbusho badala ya kujaribu.

Sarafu zetu za karibuni zina ugonjwa wao. Shilingi ya Tanzania ya 1966 ni shaba na nikeli, sumaku haiishiki. Ile ya 1987 ni chuma kilichovikwa nikeli, sumaku inairukia. Gamba la nikeli likipasuka ukingoni, chuma kinapiga kutu nyekundu kutoka ndani, na hakuna cha kufanya zaidi ya kuiweka pakavu. Kwa hiyo nyingine ikikujia mkononi bado mpya, ihifadhi leo. Watu hudharau sarafu za jana kwa sababu ni nyingi, halafu miaka thelathini baadaye hawaoni hata moja iliyo safi.

Daftari kabla ya albamu

Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aitwaye Maurie Isenberg, akiwa kwenye kisiwa cha Marchinbar kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Alizitia kwenye kopo zikakaa humo mpaka 1979, alipozipeleka zichunguzwe. Tano zilikuwa za shaba za masultani wa Kilwa. Kilichozifanya zizungumzwe mpaka leo ni kwamba Isenberg aliweza kuonyesha kwa alama ya X kwenye ramani mahali alipoziokota. Bila alama ile zingekuwa sarafu tano chakavu za Kilwa, basi.

Kwa hiyo kopo la nyumbani likifunguliwa, kabla ya kutenganisha chochote, piga picha kama lilivyo, andika lilikuwa la nani, aliishi wapi, alifanya kazi gani, na kama sarafu zilifungwa pamoja kwa uzi au kitambaa. Muulize bibi au babu wakati bado yupo wa kuulizwa. Halafu kila sarafu ipewe namba. Maelezo ya sarafu moja yanaweza kuwa hivi:

Na. 014. Afrika Mashariki ya Wajerumani, hela 1, 1908, herufi J. Shaba. Kipenyo mm 20.0. Uzito g 3.91 (ikiwa mpya ni g 4). Taji: mistari ya chini inaonekana, lulu za juu zimefutika. Ukingo una jeraha moja, saa tatu. Haijasafishwa. Imetoka kopo la babu mzaa mama, Korogwe. Albamu 1, ukurasa wa 3.

Tazama kwamba hatukuandika "nzuri" au "imechoka kiasi". Maneno hayo kila mtu ana kipimo chake, ila lulu zilizofutika ni lulu zilizofutika. Mahali pa jeraha hutajwa kama saa: kumi na mbili juu, tatu kulia, sita chini. Namba iandikwe kwenye kadibodi kabla sarafu haijaingia, kwa penseli au kalamu isiyopenya. Kalamu ya wino mzito ina mvuke wake.

Picha ipigwe dirishani, asubuhi, bila flashi. Simu iwe juu ya vitabu viwili, umbali wa sentimita 25 hivi, uvute kwa zumu badala ya kuisogeza, maana simu iliyosogea sana inatupa kivuli chake na kupinda mduara. Weka rula pembeni. Piga pande mbili, na ukingo kama una maandishi. Nakala ya daftari na picha ikae mahali tofauti na sarafu zenyewe. Mwizi akiondoka na kisanduku, daftari ndilo litakalothibitisha ni mali yako.

Kuzisoma

Zipange juu ya kitambaa, si kwa thamani, bali kwa nani aliyezitoa. Utaona wenyewe wamepishana kama wapangaji wa nyumba moja.

Kile kipande kizito cha fedha chenye mama wa Kizungu na mwaka 1780 ni riale ya Maria Theresa wa Austria. Mwaka usikudanganye, hiyo tarehe ilirudiwa kwenye kila toleo hata karne mbili baada ya mama mwenyewe kufa, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikataa sura nyingine. Baada yake utaona pesa ya shaba ya Sayyid Barghash wa Zanzibar yenye picha ya mizani na mwaka ١٢٩٩. Waliosoma chuoni watausoma mara moja: 1299 ya Hijria. Kuugeuza, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Unapata 1882. Pesa ya kampuni ya Waingereza ya Mombasa nayo ina mizani, ila imeandikwa miaka yote miwili, 1888 na ١٣٠٦. Jaribu hesabu ileile uone kama inakubali. Wajerumani walipotoa pesa yao kuanzia 1890 waliandika upande mmoja kwa Kiarabu. Hakuna aliyewalazimisha, walijua mnunuzi wa sokoni Bagamoyo anasoma maandishi gani.

Hapo ndipo lugha yako mwenyewe inapoanza kutoka kwenye kopo. Mpaka 1904 rupia ya Kijerumani iligawanywa kwa pesa 64, neno lililotoka India. Kisha wakaigawanya kwa 100 na kila sehemu wakaiita heller. Kila anayesema leo "sina hela" anataja sarafu hiyo ya shaba ya milimita 20. Sumuni, au thumuni kwa Wakenya, ni sehemu ya nane kwa Kiarabu: hesabu ya kugawa nusu, robo, nusu ya robo, iliyotumika kabla ya senti, ikabaki kama jina la senti hamsini.

Za Waingereza zenye tundu anza nazo kwa metali. Senti moja za 1907 na 1908 ni alumini, nyepesi kama kifuniko cha soda, na nyingi zimeliwa na kutu. Alumini haikuvumilia jasho na unyevu, na kuanzia 1909 wakahamia shaba na nikeli. Kisha soma majina. Mwaka 1936 Uingereza ilikuwa na wafalme watatu, na Edward wa Nane alikaa kuanzia Januari hadi Desemba tu. Hakuna sarafu ya matumizi yenye sura yake iliyosambazwa Uingereza kwenyewe. Lakini senti 5 na 10 za Afrika Mashariki hazikuwa na sura, zilikuwa na taji na jina, kwa hiyo zake zilitengenezwa na zikatumika hapa. Zipo za 1936 zenye jina la George wa Tano pia, basi usisome mwaka peke yake. Na muuzaji akikutajia bei ya ng'ombe kwa ajili ya "sarafu adimu ya Edward", mwache. Ni historia tamu, ila sarafu zenyewe ni nyingi.

Karibu na mwaka au chini ya thamani tafuta herufi ndogo kwa lenzi. H na KN ni viwanda viwili vya Birmingham, Heaton na King's Norton. SA ni Pretoria, I ni Bombay, na hizi mbili utaziona kwenye miaka ya Vita Kuu ya Pili, wakati kusafirisha sarafu kutoka Uingereza kulikuwa hatari. Kwa Wajerumani A ni Berlin, J ni Hamburg.

Shilingi ya simba ina somo la metali. Kutoka 1921 mpaka 1946 robo ya uzito wake ilikuwa fedha. Kuanzia 1948 haina fedha kabisa, ni shaba na nikeli, wakati umbo, simba na milima ni vilevile. Weka mbili pamoja: ile ya zamani iliyochakaa ina unjano kwenye mgongo wa simba, ile ya baadaye inabaki kijivu. Halafu soma upande wa mfalme. India ilijitawala 1947, na cheo cha mtawala wa India kikatoka kwenye maandishi. Himaya imepungua na unaiona kwa lenzi ya shilingi elfu kumi.

Benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zote zilianzishwa 1966. Za Kenya zina jambo dogo la kutazama: sura ya Kenyatta ya mwanzo haina maandishi kuizunguka, kuanzia 1969 inayo. Moi anafuata kuanzia 1980. Zile za Desemba 2018 hazina rais yeyote, kuna twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa kuwa Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu. Kwa Tanzania, panga senti 5 ya 1966 yenye samaki mwanzo wa mstari na shilingi 500 ya 2014 yenye nyati mwisho, halafu jaza katikati kwa zote zilizopita. Huo mstari ni mfumuko wa bei unaoweza kuugusa.

Mizani, uzi na gilasi ya maji

Kopo likishasomwa, utaanza kununua, na hapo bandia zinakusubiri, hasa za riale, rupia na dhahabu ya Tabora. Vifaa ni vitatu: mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, kalipa, na sumaku. Riale halisi ina gramu 28.07, milimita 40 hivi, na ukingoni imeandikwa IUSTITIA ET CLEMENTIA. Rupia ya Kijerumani ina gramu 11.66. Sarafu iliyotumika hupungua kidogo. Ikizidi uzito, ogopa zaidi.

Uzito ukikubali, pima ujazo. Weka gilasi ya maji yaliyotoneshwa juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa kushonea, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, tikisa mapovu yatoke, soma namba, ambayo ndiyo ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Riale ya kweli itasoma karibu 2.75, jibu likawa 10.2. Ya shaba ya njano yenye uzito uleule itasoma karibu 3.30, jibu 8.5. Hakuna rangi wala stori ya muuzaji inayoweza kubadilisha hesabu hiyo. Ikaushe vizuri ukimaliza.

Tabora tuiseme kidogo. Mwaka 1916, nchi ikiwa imezungukwa na vita na meli hazifiki, Wajerumani walitengeneza sarafu wenyewe kwenye karakana ya reli: hela 5 na 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu ya mgodi wa Sekenke yenye tembo mbele ya mlima. Zina herufi T. Tabora ikaanguka Septemba mwaka huohuo. Hela 20 ni sarafu nzuri sana ya kujifunzia macho, kwa sababu ilifanywa kwa haraka na mihuri haikufanana. Chukua mbili, zitazame upande wa D.O.A., kifupi cha Kijerumani cha Afrika Mashariki ya Wajerumani. Moja inaweza kuwa na taji kubwa, nyingine taji dogo. Nyingine ni shaba nyekundu, nyingine ya njano. Anayeanza akiweza kuona tofauti hizo bila kuonyeshwa, lenzi imeshaanza kumtii. Ile ya tembo ina gramu 7.17, na bandia zake ni nyingi mno. Usinunue bila kuipima kwa uzi na maji.

Jambo la mwisho ni za Kilwa na nyingine za kale zinazookotwa fukweni au mashambani. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya 2006. Ukiiona ardhini, usiichimbe wala kuiosha. Piga picha ilipo, weka alama kwenye ramani ya simu, kisha toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho ya karibu.